TV imewaka na hakuna anayeiangalia: hivi mnajua inakula nini humo ndani?

Mzee wa Rimoti (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mada yangu inahusu TV ila sio zile za "watoto wanaangalia sana katuni", hizo zimeshaongelewa mpaka zimechuja. Mimi naongelea TV ambayo HAKUNA anayeiangalia. Inawashwa watu wakiamka, inazimwa watu wakienda kulala, katikati hapo mmoja anapiga pasi, mwingine yuko na simu yake, mtoto yuko chini kwenye zulia anacheza, na yenyewe inaendelea tu kuongea na ukuta. Uliza nani anaangalia, kimya. Nyoosha mkono uizime sasa, sebule nzima inakurukia "sisi tunaangalia bwana!"

Wengi tunaona haina shida kwa vile macho hayapo kule. Mimi nasema shida iko hapo hapo, maana anayekaa na mechi yake au tamthilia yake mwanzo mpaka mwisho angalau anapata kitu, kacheka, kajifunza, kamtukana refa, roho yake imetulia. Hii ya kuwaka tu inachukua na hairudishi kitu, na inachochukua ni utulivu wa akili na maongezi ya watu waliomo.

Hili halijaanzia kijiweni. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts pale Amherst, timu ya Marie Evans Schmidt na Daniel Anderson, waliwachukua watoto 50 wa umri wa mwaka mmoja, miwili na mitatu wakawaingiza kwenye chumba chenye midoli wacheze saa nzima, nusu saa TV imewaka na nusu saa imezimwa. Kilichowekwa ni Jeopardy!, yale mashindano ya maswali ya watu wazima ya Marekani, kitu ambacho mtoto wa mwaka mmoja hawezi kuambulia chochote. Na kweli watoto hawakuwa na habari nacho, walikuwa wanatupa jicho sekunde chache tu, na haikufika hata mara moja kwa dakika. Lakini TV ikiwaka walikuwa wanacheza na mdoli mmoja kwa muda mfupi zaidi, na vile vipindi vya kuzama kabisa kwenye mchezo vilifupika. Macho hayapo, umakini umeondoka.

Ukitaka kuona inavyotokea kaa pembeni umwangalie mtoto wa miaka miwili anavyopanga vikombe vya plastiki. Kashika kikubwa, anatafuta cha kuingia ndani, hiki hakiingii, anakigeuza, anajaribu tena, ulimi uko nje. Sasa tangazo linaingia na muziki wake wa ghafla. Kichwa juu, sekunde mbili tatu, kichwa chini. Aliyekaa mbali atasema si karudi kucheza? Angalia mkono. Haurudi kwenye kikombe, unaenda kwenye gari, gari linasukumwa mara moja linaachwa, sasa ni zamu ya mpira. Lile swali la "hiki kwa nini hakiingii" limeishia njiani na hakuna aliyeliona likipotea, wakati lile ndio lilikuwa shule yenyewe.

Na mtoto hana kosa, mwili ndio umeumbwa hivyo. Pavlov, yule Mrusi wa mbwa na kengele, aliielezea zamani sana, akaiita refleksi ya "kuna nini?". Sauti ikibadilika ghafla au kitu kikitembea pembeni ya jicho, kichwa kinageuka kabla hujaamua kugeuka. Ndio imetulinda na nyoka miaka yote. TV sasa imejaa hivyo vitu, picha inakatwa, mtu anacheka, mlango unabamizwa, muziki unapanda, na kila kimoja kinakugonga begani kidogo.

Karibuni, mnaopinga pia.

chizi_wa_mpira

Mkuu mimi nimekulia kwenye nyumba ambayo TV haijawahi kuzimwa na nimesoma mpaka chuo na kazi ninayo. Hizi tafiti za watu weupe wanatafutaga tu cha kuandika

Mzee wa Rimoti

@chizi_wa_mpira kaka hakuna aliyesema mtoto anakuwa zezeta. Hizi ni tofauti ndogo ndogo za wastani, umakini unapungua kidogo hapa, maneno kidogo pale, saa baada ya saa. Wewe umefika chuo hongera, ila ushahidi wa mtu mmoja aliyevuka barabara bila kuangalia hautuambii chochote kuhusu barabara.

Mama Pacha

Aisee hiyo ya mkono kwenda kwenye gari nimeiona jana kwa macho yangu ila sikujua ndio hiyo 😅 nilikuwa nawaambia wenzangu huyu mmoja hatulii.

Ila mimi kinachoniuma zaidi ni maongezi. Siku moja niliacha simu inarekodi sebuleni jioni, nilitaka tu sauti za watoto niwatunzie wakikua. Nikaja kusikiliza baadae, kumbe simu imenasa TV kuliko watoto. Na sisi wakubwa tunavyoongea humo ndani sasa, ni "acha", "leta", "shuka hapo", "si nimekwambia", basi. Sentensi za maneno mawili matatu, za amri tupu. Umeme ulipokatika kidogo hapo katikati ndio unasikia mtoto anauliza kwa nini giza, baba yake anamjibu, mtoto anauliza tena, anajibiwa tena, hadithi ndefuuu ya mwezi na jua mpaka najiuliza huyu ndio yule yule aliyekuwa anasema "leta"? Umeme uliporudi TV ikajiwasha, hadithi ikaishia katikati, na hakuna aliyeshtuka kwamba imeishia katikati!

Sikio la Kazi

Mama Pacha hapo umefanya utafiti kamili bila kujijua. Mimi kazi yangu iko upande wa usikivu na kuongea kwa watoto kwa hiyo niruhusuni niandike kidogo, kidogo ya kwangu ni ndefu mtanisamehe.

Mwaka 2009 daktari wa watoto anaitwa Dimitri Christakis wa kule Seattle na wenzake waliwavalisha watoto 329, kuanzia wa miezi miwili mpaka wa miaka minne, vifulana vyenye kinasa sauti kidogo kinachorekodi siku nzima. Halafu kompyuta ikachambua, hapa anaongea mtu mzima, hapa mtoto, hapa TV. Matokeo, kila saa moja ya TV inayosikika ilikwenda na upungufu wa maneno 770 ya watu wazima anayosikia mtoto. Mia saba na sabini. Na mtoto mwenyewe pia akawa anatoa sauti chache, na zile zamu za nikujibu unijibu zikapungua. Nataka muishike hiyo ya zamu. Mtoto hajifunzi lugha kwa kunyeshewa maneno tu, anajifunza kwa kurushiana, yeye kasema "baa", wewe umesema "eeh baba kaja?", yeye kaongeza. TV inaongea maneno maelfu ila haimngoji mtoto amalize, wala haimjibu.

Sasa mtu atasema labda mtoto alikuwa ameachwa peke yake na TV ndio maana hakuna maneno. Kweli, wenyewe walisema sehemu ya upungufu inaweza kuwa ni hiyo. Lakini sehemu nyingine mtu mzima yupo pale pale ila akili imeshikwa.

Jambo jingine ambalo watu hawalijui, mtoto hasikii kama wewe. Mtu mzima ukiwa kwenye kelele ubongo unajaziajazia, umesikia nusu ya neno nusu nyingine unaibuni kwa sababu lugha unaijua. Mtoto anajazia na nini? Hajaijua bado. Rochelle Newman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima watoto wa miezi mitano, walitambua jina lao wenyewe pale tu sauti inayowaita ilipozidi ile ya nyuma kwa desibeli kama 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Jina lake mwenyewe, neno analolisikia kuliko yote! Sasa hayo mengine unayomfundisha huku mtangazaji anasoma habari nyuma yako yanamfikiaje?

nusu_nusu

Uzi umetulia huu. Ila @Sikio la Kazi swali la uchokozi. Hao wenye TV kuwaka muda wote si inawezekana ni watu wasiopenda kuongea tangu mwanzo? Yaani sio TV imewanyamazisha, wao ni mabubu ndio wakawasha TV iwaongelee. Kinasa sauti hakiwezi kukwambia kipi kimeanza

Sikio la Kazi

@nusu_nusu swali zuri sana na kwa ule utafiti wa vinasa uko sahihi, wenyewe hautoshi. Ila kuna mwingine wa mwaka huo huo 2009, Heather Kirkorian akiwa na timu ile ile ya Amherst. Hawa walichukua wazazi na watoto wao, jozi 51, mzazi yule yule na mtoto yule yule, nusu saa TV imewaka na nusu saa imezimwa, kipindi ni cha watu wazima. Kwa hiyo hapo huwezi kusema huyu ni bubu wa kuzaliwa, unamlinganisha na yeye mwenyewe wa nusu saa iliyopita. TV ilipowaka mzazi aliongea na mtoto kidogo zaidi na kucheza naye kidogo zaidi, na hata pale alipomjibu alimjibu bila uchangamfu. Unajua ile mtoto anakuletea kitu "ona!" na wewe unasema "mmh kizuri" bila kukiona. Ile.

Na hiyo ya kwako inaweza kuwa kweli pia, vyote viwili vinaenda pamoja, mtu mkimya anawasha TV na TV inamzidishia ukimya.

Mzee wa Rimoti

Hiyo "mmh kizuri" imenichoma bure hapa nilipo 😂

Naongeza tu kwamba ukubwa wake sio mdogo. 2012 kuna watafiti waliuliza wazazi 1,454 wa Marekani wenye watoto wa kuanzia miezi minane mpaka miaka minane, wakakuta kwa siku ya kawaida mtoto anapata wastani wa dakika 232 za TV ya nyuma, karibu saa nne. Ambayo HAANGALII. Na wadogo kabisa ndio walikuwa wanapata nyingi zaidi, wale ambao mzazi anasema "huyu bado mdogo haelewi". Sasa ukiambiwa na daktari mtoto asizidishe muda wa skrini wewe unahesabu katuni tu, hii nyingine haimo hata kwenye hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wengi tunasema ah wangu hakai mbele yake. Hakai ndio, yenyewe inamfuata.

kijana_wa_mtihani

Wakubwa shikamooni. Mimi sina mtoto mimi ni mwanafunzi, nyumbani nasomea sebuleni maana chumbani tuko wengi na TV iko hapo hapo, bimkubwa anaangalia tamthilia zake. Nikilalamika anasema si umegeukia ukutani, huioni. Naomba mnisaidie hoja za kumjibu kwa heshima. Na je nikivaa hedifoni nikaweka muziki ni bora au ndio yale yale?

Sikio la Kazi

Marahaba. Mwambie mama kwa upole kwamba masikio hayana kope. Jicho unalifumba, sikio halifumbiki.

Hili lina tafiti za miaka mingi. Colle na Welsh, 1976, waliwapa watu kazi ya kukariri mfuatano huku nyuma kunasomwa kitu kwa Kijerumani, lugha wasiyoijua hata neno, wakaambiwa puuzeni hiyo sauti. Kukariri kukaharibika. Halafu 1982 Salamé na Baddeley wakawakaririsha watu namba huku nyuma kuna sauti ya mtu, wakakuta maneno yanaharibu hata yakiwa hayana maana yoyote. Kwa hiyo sio kwamba unafuatilia tamthilia, ni kwamba unapokariri unajisemea moyoni, na sauti ya mtu mwingine inaingia kwenye njia ile ile unayotumia kujisemea. Mnagongana humo.

Na ile ya "basi nipunguze sauti" nayo haisaidii sana kama watu wanavyodhani, kwenye majaribio haya sauti ndogo ya kuongea inasumbua karibu sawa na kubwa ilimradi bado inasikika. Kinachosumbua ni kubadilika badilika kwa sauti. Ndio maana feni inayovuma muda wote haikusumbui ila watu wawili wanaonong'ona wanakumaliza.

Kuhusu muziki, Uholanzi mwaka 2003 waliwapa wanafunzi 160 kazi za nyumbani, wengine na tamthilia nyuma, wengine na video za muziki, wengine muziki mtupu bila picha, wengine kimya. Wa tamthilia walifanya vibaya kuliko wa kimya, wa muziki hawakutofautiana na wa kimya. Kwa hiyo hedifoni yenye muziki ni nafuu kuliko tamthilia. Ila kwa kukariri tafuta muziki usio na maneno, maana mwimbaji naye ni mtu anaongea.

kijana_wa_mtihani

Asante sana mkuu. "Masikio hayana kope" naenda nayo hiyo sasa hivi

chizi_wa_mpira

Mrejesho muhimu dogo tuambie kama umepigwa kofi

Bi Mkubwa Mstaafu

Wanangu nimewasoma wote. Mnaongelea watoto tu na wanafunzi, na sisi wazee je? Mimi masikio yangu yamepungua, nimewekewa mashine ya kusaidia kusikia. Watoto wangu wananipenda sana wanakuja kunitembelea na wakiingia tu wanawasha TV eti mama asikae mpweke. Halafu wanaanza kuniongelesha. Mashine haijui huyu ni mwanangu na yule ni mtangazaji, inanikuzia wote. Naishia kutikisa kichwa na kutabasamu. Wakiondoka wanasema mama siku hizi anasahau, kumbe sikusahau, sikusikia kabisa.

Sikio la Kazi

Mama yangu shikamoo, na asante, hili lilistahili uzi wake peke yake. Hata mashine nzuri za kisasa zinazojitahidi kuchuja kelele zinapata shida kwenye sauti za watu, maana TV sio ngurumo ya injini, ni sauti ya binadamu kama ya mwanao, zinafanana mno kutenganisha. Na anayepungukiwa kusikia anatumia nguvu nyingi kufuata maongezi, akichoka anaacha kufuata, anakaa pembeni kimya na watu wanatafsiri wanavyojua wao.

Ukienda kumsalimia mzee zima TV KWANZA, kaa mbele yake aone mdomo wako, ndio uanze kuongea. Na usipige kelele, ukipiga kelele maneno yanaharibika umbo.

Mzee wa Rimoti

Shikamoo mama. Hapo kwenye kupiga kelele kuna kitu. Mfaransa mmoja daktari wa masikio, Étienne Lombard, mwaka 1911 alieleza kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni anapandisha sauti yake mwenyewe bila kujua, kelele ikitoka anashusha, wala hajui kama amefanya hivyo. Sasa weka TV sebuleni. Mke anapandisha sauti ili asikike, mume anasikia mke amepaza sauti anadhani kagombezwa, anajibu kwa kupaza, mtoto naye anapiga kelele zaidi, mtu mmoja anaona kelele zimezidi hasikii TV anaongeza TV. Mzunguko huo. Nyumba nzima inafokeana na hakuna aliyekasirika.

Na ule mshtuko wa matangazo kuwa makubwa kuliko kipindi hujaota, ni kweli yanatengenezwa sauti ikiwa imejazwa mwanzo mwisho. Marekani walichoka mpaka wakatunga sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, tangazo lisizidi kipindi kwa wastani wa sauti.

Shemeji wa Taifa

mimi nakuja na hili la ndoa. unamhadithia mtu wako kitu kimekupata kazini, yeye anaitikia vizuri kabisa "ehe... ehe... eti?" unasema huyu yupo na mimi. halafu unasimamisha stori makusudi katikati ya sentensi. anaitikia "ehe". 🙆🏾 umemaliza wewe? hujamaliza! basi hapo nakaa kimya namtazama mpaka ashtuke, na akishtuka anasema "nakusikia, ulikuwa unasema bosi wako" na kweli neno la mwisho analo!! sasa utamshtaki na nini

Sikio la Kazi

Haha hilo nalo lina maelezo. Sauti uliyoisikia inabaki kwenye kumbukumbu sekunde chache hata kama hukuifuatilia, kwa hiyo akishtuliwa haraka anaokota lile neno la mwisho likiwa bado la moto. Sio kwamba anadanganya kabisa. Mshtue baada ya nusu dakika uone kama atakwambia bosi alifanyaje.

nusu_nusu

Mimi naona na mpangilio wa viti unachangia. Sebule nyingi viti vyote vinaangalia TV. Vyote. Hata TV ikizimwa watu wamekaa bega kwa bega wanaitazama skrini nyeusi, ukitaka kuongea na mwenzio lazima upinde shingo. Geuza hata kiti kimoja kiangaliane na kingine uone watu wanavyoanza kupiga stori bila kuambiwa. Huo ni uchunguzi wangu binafsi usiniulize ushahidi

Mpangaji Mmoja

Jamani na sisi tunaoishi peke yetu mnatuhukumu? Nikirudi nyumbani kimya kile kinaniumiza kichwa, nawasha TV nisikie tu watu. Sina mtoto sina mke hakuna maongezi ya kuliwa. Na kuna usiku masikio yananipigia kengele, TV ikiwaka angalau sisikii hiyo kengele.

Mzee wa Rimoti

@Mpangaji Mmoja hapana ndugu, wewe humo kabisa kwenye mashtaka. Kama hakuna mtu wa kuongea naye na hufanyi kazi ya kichwa, hiyo TV haijamnyang'anya mtu kitu, inakupa. Kazi ya kuandika au kusoma ndio izime.

Sikio la Kazi

Na hiyo kengele masikioni usiizoee tu, kapimwe masikio, hasa kama ni sikio moja au umeanza kusikia vibaya. Kuweka sauti ndogo chumbani ni njia inayotumika kweli kuipunguzia nguvu, ila sauti ya mvua au feni inafanya kazi hiyo hiyo bila kukurushia mtangazaji usingizini.

Mama Pacha

Sasa tufanyeje wakuu maana mimi nikizima mzee wa nyumba anawasha. Hata haangalii, anapita tu anabonyeza anaenda kuoga 😭

Mzee wa Rimoti

Dada usianze na kuzima kila kitu, vita hiyo hushindi. Anza na kula, mkiwa mezani TV izimwe, na ile saa watoto wanacheza chini. Yeye mpe saa yake ya habari au mechi, aangalie kweli, watu wazima wakae waangalie pamoja na kubishana, hayo ni maongezi pia na tena mazuri. TV inayoangaliwa na watu wakaijadili mimi sina ugomvi nayo hata kidogo, nimesema tangu mwanzo.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya TV yenyewe, nyingi zina sehemu ya kujizima zikikaa muda bila mtu kugusa rimoti. Umoja wa Ulaya walilazimisha hiyo kwa kanuni ya mwaka 2009, isizidi saa nne tangu mtu aguse mara ya mwisho, wao walikuwa wanawaza umeme tu. Wengi wanaikuta wanaizima wakidhani TV mbovu inajizima yenyewe. Wewe irudishe, weka muda mfupi unaokubalika. Akiuliza sema sijui, labda imepata shida 😂

Shemeji wa Taifa

mzee wa rimoti unafundisha watu kudanganyana ndani ya ndoa kwenye uzi wa mawasiliano 🤣🤣

chizi_wa_mpira

Mimi bado sijakubali ila swali. Nikiacha mechi inaendelea nikabana sauti kabisa, picha tu, hapo napo mnasemaje? Maana nataka kuona goli tu, kelele sina shida nazo

Sikio la Kazi

Hapo kwa mtoto umepunguza sehemu kubwa ya tatizo, anasikia wanaomwongelesha, na aliyegeukia vitu vyake haoni skrini. Kwa mzee mwenye mashine ya masikio pia umemwokoa. Aliyebaki hajaokoka ni wewe mwenyewe na huyo unayeongea naye, kwa sababu skrini ikiwa upande wa macho yako picha ikikatwa tu jicho linakwenda, na aliye mbele yako anaona jicho limekwenda. Kaa ukiipa TV mgongo.

chizi_wa_mpira

Nitaonaje goli sasa nikiipa mgongo??

Bi Mkubwa Mstaafu

Majirani watakupigia kelele utasikia, mwanangu. Hata mimi hizo nazisikia.